Hita ya maji ya gesi: kupanga joto bila kuungua wala kumaliza mtungi

Hita za gesi zinazofungwa majumbani Kampala, Mbarara, Fort Portal na kwingineko Uganda nyingi ni za kupasha maji papo hapo. Hazina tangi la kuhifadhia maji ya moto. Maji hupita kwenye mrija wa shaba ulio juu ya moto na kutoka upande wa pili yakiwa tayari. Utakuta za lita 6, 8, 10 au 12 kwa dakika, zinawashwa kwa betri mbili kubwa za D, na usoni zina nobu mbili au tatu za kuzungusha pamoja na kioo kidogo cha namba. Sisi tunaozifunga na kuzitengeneza tunaitwa zaidi kwa sababu ya joto kuliko kwa sababu ya hita kufa. Maji yanachoma. Maji ni vuguvugu. Maji yanabadilika mtu akiwa na sabuni machoni. Mtungi unaisha kabla ya mwezi. Ukifungua kifuniko mara nyingi hukuti kitu kilichovunjika. Joto lilipangwa kwa kutazama nobu ya gesi peke yake, na yale maji yanayoingia hakuna aliyeyauliza yana baridi kiasi gani wala yanapita kwa kasi gani.

Joto la maji yanayotoka hutegemea mambo matatu: nguvu ya moto, wingi wa maji yanayopita kwa dakika, na joto la maji yanapoingia. Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kila mwenye hita aijue. Chukua kilowati zinazofika kwenye maji, zidisha kwa 14.3, kisha gawanya kwa lita zinazopita kwa dakika. Unachopata ni nyuzi ambazo maji yatapanda. Tuseme moto unaingiza kilowati 12 na maji ya tangi yana nyuzi 23. Yakipita lita 10 kwa dakika, yatapanda nyuzi 17 na kutoka na nyuzi 40, joto zuri kabisa la kuoga. Yakipita lita 6, yatatoka na nyuzi 52 hivi. Yakipungua hadi lita 4, yanafika nyuzi 66, na nobu ya gesi hakuna aliyeigusa.

Hapo ndipo hatari ilipo. Maji ya nyuzi 60 yanaweza kumuunguza vibaya mtu mzima kwa sekunde 5 tu. Ya nyuzi 55 huchukua kama nusu dakika, na ya nyuzi 49 huchukua dakika kadhaa, muda wa kutosha mtu kujiondoa. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, huungua mapema zaidi. Ya mzee nayo ni hivyo hivyo, na mzee huchelewa kuruka pembeni. Kwa hiyo hita ya bafuni isipangwe kutoa zaidi ya nyuzi 49, hata kama kioo chake kinaruhusu 65 au 75. Mtu mzima huoga vizuri kwa nyuzi 40 hadi 42. Mtoto anatosheka na 37 au 38. Vyombo vyenye mafuta vinasafishika kwa 45.

Kile kikata-joto kilichomo ndani ya hita kisikupe moyo sana. Kimewekwa kulinda mrija wa shaba usiungue, na hukata maji yakiwa yameshavuka mbali joto ambalo ngozi ya binadamu inaweza kulivumilia.

Kabla ya kugusa nobu yoyote, pima maji. Weka ndoo ya lita 10 chini ya shawa, fungua upande wa maji ya moto mpaka mwisho hita ikiwa imezimwa, na utumie saa ya simu. Ndoo ikijaa kwa sekunde 100, una lita 6 kwa dakika. Ikichukua dakika nne au zaidi, una lita 2.5 au pungufu, na hapo hita nyingi ama hazitawaka kabisa ama zitawaka na kuzima, kwa sababu zinahitaji lita 2.5 hadi 3 kwa dakika ili kiwambo cha mpira kisukume valvu ya gesi ifunguke. Hakuna upangaji wa joto utakaotibu jambo hilo. Tibu maji kwanza.

Maji yakitosha, panga hivi. Nobu ya majira, ile yenye alama ya jua na theluji, iweke kwenye jua. Kazi yake ni kuamua ni mistari mingapi ya moto iwake. Nobu ya gesi irudishe chini kabisa. Nobu ya maji ifungue upande wa maji mengi zaidi. Fungua shawa, moto pekee, bila kuchanganya na baridi. Subiri dakika moja ili bomba lote lipate joto, kisha kinga maji kwenye kikombe chini ya shawa yenyewe na utumbukize kipimajoto cha jikoni. Usisome kioo cha hita tu, kwa sababu kinapima maji pale yanapotoka kwenye hita. Hita ikiwa nje ukutani na bomba likipita mita kadhaa bila kufunikwa, tofauti ya nyuzi mbili tatu ni kawaida. Ongeza gesi kidogo, subiri nusu dakika, pima tena. Gesi ikifika mwisho na maji bado hayajafika 40, irudishe chini, geuza nobu ya majira kwenye theluji, na uanze kupanda upya. Ikishindikana hata hapo, ndipo upunguze maji, kidogo kidogo. Watu wengi huanza na hatua hii ya mwisho, wanabana maji ili yapate moto, na wanabaki na shawa ya matone inayochoma.

Ukipata mahali pazuri, chora alama kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye nobu na kwenye bati nyuma yake. Msaidizi wa nyumbani, mgeni au mtoto mkubwa akizungusha, unarudisha bila kubahatisha.

Hita za bei ya juu kidogo zina vitufe vya kuchagua nyuzi, na zenyewe hupandisha na kushusha moto. Hizo ziweke 40 au 42 na uoge bila kuchanganya na baridi. Nazo zina mpaka wake, ambao wauzaji huwa hawautaji: moto hauwezi kushuka chini ya kiwango fulani. Chukua hita ambayo moto wake mdogo kabisa ni kilowati 5. Mchana wa jua kali Gulu au Arua, maji ya tangi jeusi juu ya mnara yanaweza kuingia na nyuzi 28. Shawa ikitoa lita 3 kwa dakika, maji yatapanda karibu nyuzi 24 na kutoka na 52, ingawa kioo kimeagizwa 40. Hita inafanya kila inaloweza. Dawa ni kuongeza maji: ondoa kile kichwa cha shawa chenye vitundu vilivyoziba, weka kinachopitisha lita 6 au zaidi, na safisha chujio. Kama hita ina nafasi ya jua, itumie. Na mchana wa namna hiyo maji ya tangi yenyewe yanatosha kuogea; zima hita uhifadhi gesi.

Tangi hilo hilo jeusi ndilo linalofanya watu waseme hita ina kigeugeu. Jioni maji yake yamekunywa jua mchana kutwa, alfajiri yamepoa usiku kucha. Tofauti ya nyuzi 5 au zaidi si ajabu, na kwa hita ya nobu tofauti hiyo yote inahamia kwenye shawa. Ukipanga saa kumi na mbili asubuhi upate 41, jioni utaoga 46 au 47. Kwa hiyo weka alama mbili, ya asubuhi na ya jioni. Kabale na Kapchorwa, ambako maji huingia yakiwa na baridi ya kweli, hita ya lita 6 inayotosha Kampala huanza kulia. Pale tunashauri ya lita 10 au 12. Kuna na jambo la mwinuko. Hewa ya milimani ni nyepesi, na kanuni inayotumika sana ni kuhesabu upungufu wa asilimia 4 ya nguvu ya moto kwa kila mita 300 kutoka usawa wa bahari, mahali pakizidi mita 600. Kampala iko kama mita 1,200, hupoteza karibu asilimia 16. Ukifika kwenye mita 2,000 inakaribia asilimia 27, na hiyo usijaribu kuifidia kwa kutoboa sindano ya gesi, kile kitundu kinachopitisha gesi kwenda kwenye moto, iwe kubwa. Moto utapata gesi nyingi na hewa ndogo, utawaka wa njano na kutoa sumu.

Turudi kwenye maji, maana ndiko matatizo mengi yanakozaliwa. Kila mita moja ya kimo kati ya maji ya tangi na shawa hukupa shinikizo la karibu bar 0.1. Hita za shinikizo dogo hutaka angalau bar 0.2 hadi 0.25, yaani mita mbili na nusu hivi, na hapo hujatoa msuguano wa kona na mabomba. Tangi lililowekwa juu ya dari tu, nusu mita kutoka kwenye shawa, halitoshi. Ama mnara uinuliwe, ama ufungwe pampu ndogo ya kusukuma, na pampu ikitegemea umeme ujue umeme ukikatika na maji ya moto yamekwenda.

Kosa tunalolikuta kila mara ni maji ya baridi ya bafuni kutoka moja kwa moja kwenye bomba la mtaani huku hita ikilishwa na tangi. Bomba la mtaani lina nguvu kubwa kuliko tangi. Mtu akifungua zote mbili ili achanganye, baridi inasukuma moto kurudi nyuma, maji kwenye hita yanasimama, moto unazima. Anafunga baridi kidogo, hita inawaka, maji yanachoma. Anafungua tena, inazima. Fundi asiyejua atabadilisha betri, kisha kiwambo, kisha hita nzima. Dawa ni kulisha zote mbili kutoka tangi moja na kuweka valvu ya kuzuia maji kurudi. Na hita ipewe bomba lake kutoka kwenye tangi. Ikigawana bomba moja jembamba na choo na jikoni, kila mtu akivuta maji chooni, lita 6 za shawa zinageuka 4, na ile hesabu ya juu ya nyuzi 66 inampata anayeoga.

Kuna hatari nyingine inayokuja hata kila kitu kikiwa kimepangwa sawasawa. Ukifunga shawa ili ujipake sabuni, moto unazima lakini shaba bado ina joto, na maji yaliyosimama ndani yake yanaendelea kupanda. Ukifungua baada ya nusu dakika au dakika moja, yanayotangulia ni hayo yaliyopikwa, kisha unafuata mkondo wa baridi uliopita kabla moto haujakolea, halafu ndiyo joto linatulia. Mkondo wa kwanza unaweza kuwa juu sana kuliko ulichopanga. Elekeza shawa ukutani au sakafuni kwa sekunde 10 kila unapofungua upya, na usimfungulie mtoto akiwa amesimama chini yake. Mtoto mdogo aogeshwe kwa beseni: maji ya baridi yatangulie, ya moto yafuate, uyakoroge kwa mkono, upime kwa kiwiko, ndipo umweke.

Sasa gesi. Kilo moja ina nishati ya kama kilowati-saa 12.8. Kuoga kwa lita 40, maji yakiingia na 23 na kutoka na 40, hula karibu gramu 73 kwenye hita yenye ufanisi wa asilimia 85. Mtungi wa kilo 13 unatoa hivyo kama mara 175. Maji yakiingia na 17, kila kuoga kunakula karibu gramu 98, na mtungi unatoa mara 130 hivi. Mtu anayesimama chini ya shawa robo saa kwa lita 8 kwa dakika anatumia lita 120, mara tatu ya hizo. Kwa hiyo anayetaka mtungi udumu aangalie dakika kwanza. Hita nyingi hujizima zenyewe baada ya dakika 20, na watu huidhania ni hitilafu. Ni ulinzi, iache.

Je, kuweka 60 kisha kuchanganya na baridi kunakula gesi zaidi? Kwa hesabu tupu, maji ya kuogea yanabeba joto lile lile. Lakini ukichanganya, yanayopita kwenye hita yanapungua na kukaribia pale inapozima. Maji yanayobaki kwenye bomba yanapoa bure yakiwa na 60 badala ya 40. Na kama maji yako ni ya kisima kirefu chenye chokaa, ukoko unajijenga haraka ndani ya shaba. Maji ya Ziwa Victoria yanayosafishwa Ggaba ni laini, hayaletei Kampala shida hiyo sana. Jambo jingine, bomba la plastiki la PPR la milimita 20 lina tundu la kama milimita 13, na kila mita 10 hubeba karibu lita 1.4. Jikoni kukiwa mita 15 kutoka kwenye hita, kuosha kikombe kimoja ni kuwasha gesi ili upashe bomba. Tumia baridi. Na bomba la moto liwe PPR ya maji ya moto. PVC ya kawaida hulainika ikikaribia nyuzi 60.

Regulata na mtungi navyo vinashika joto la maji. Hita ya lita 10 ikiwaka kwa nguvu zote inahitaji kama kilo 1.6 za gesi kwa saa. Soma maandishi kwenye regulata. Ile ya jiko dogo iliyoandikwa kilo 1 kwa saa itaibana, na utazungusha nobu bila kuona badiliko. Shinikizo liwe milibar 28 hadi 30 kwa hita nyingi zinazouzwa hapa, lakini namba ya kufuata ni ile iliyobandikwa ubavuni mwa hita yako. Mtungi wa kilo 6 ukivutwa kwa nguvu hiyo hupoa, hutoa jasho, wakati mwingine hushika barafu, na shinikizo likashuka: maji yalianza na 41, baada ya watu watatu kuoga yako 34. Usiumwagie maji ya moto wala kuulaza. Weka wa kilo 13, au nyumba kubwa iunganishe miwili. Mtungi ukae nje, wima, kivulini, na kila kiungo kipimwe kwa povu la sabuni kila mtungi unapobadilishwa.

Hita yenyewe isifungwe ndani ya bafu. Hili hatulegezi hata mwenye nyumba akibembeleza. Moto wa kilowati 20 unakula hewa nyingi, na chumba kidogo kilichofungwa kinaishiwa. Moto ukikosa hewa unatoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na anayeoga hudhani ni joto la maji, mpaka miguu inakataa. Hita ikae nje ukutani chini ya kibanda kinachozuia mvua, au kwenye baraza iliyo wazi, mbali na dirisha la kulala. Ikilazimika kuwa ndani ya chumba cha kufulia, dohani itoke hadi nje ya ukuta, isiishie darini. Nyumba zetu zina matundu ya hewa juu ya madirisha, na watu huyaziba kwa magazeti kwa ajili ya baridi na mbu. Yazibue. Wavu wa mbu uliojaa vumbi nao ni kama ukuta, uoshe. Na kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, chumba kiwe na tundu jingine karibu na sakafu.

Hoteli ndogo na nyumba chache zina hita za gesi za tangi, zenye nobu iliyoandikwa herufi badala ya nyuzi. Kwa mpangilio ulioenea, alama ya kwanza ya moto ni kama nyuzi 49, A ni 54, B ni 60 na C ni 66. Huku kanuni inageuka: maji yanayokaa tangini yahifadhiwe kwa 60, kwa sababu kati ya nyuzi 20 na 45 bakteria wa legionela, wanaoleta homa kali ya mapafu, hustawi, na yashushwe kwa valvu ya kuchanganya kabla ya kufika bafuni. Valvu ya usalama ya tangi hufunguka kwenye nyuzi 99 au bar 10. Ikidondosha maji tafuta sababu, usiizibe kwa plagi.

Joto lililokuwa sawa likianza kushuka wiki hadi wiki, usikimbilie kuongeza gesi. Angalia rangi ya moto kupitia kidirisha. Wa bluu uliotulia ni mzima. Wa njano unaorukaruka una masizi, mara nyingi kutokana na vumbi au utando wa buibui kwenye midomo ya hewa. Masizi yanafunika mapezi ya shaba, joto halifiki kwenye maji, mwenye nyumba anaongeza gesi, masizi yanazidi. Zima, funga mtungi, fundi afungue na kupiga mswaki mkavu. Chujio la maji pale bomba linapoingia lifunguliwe kila baada ya miezi mitatu, na mara moja baada ya maji ya mtaani kukatika na kurudi yakiwa na matope. Betri zibadilishwe zote mbili pamoja. Cheche zikianza kulia polepole na moto kushika kwa kishindo, gesi imejaa ndani kabla ya cheche kuifikia. Usijaribu mara ya tatu. Funga mtungi, subiri dakika tano hita ipate hewa, weka betri mpya, ndipo uwashe.